Maliza Kabisa, Jaza Kabisa

Karatasi ilisema Oiva Lehtimäki anasahau. Kwa lugha ile ya ofisini isiyo na mtu ndani yake, ilisema: "Mteja anasahau kuchaji simu mara kwa mara na hapatikani kwa ukaguzi wa video." Mara kumi na moja tangu Krismasi. Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, watu wangekaa waamue kama mzee wa miaka themanini na mmoja anayesahau simu aendelee kulala peke yake katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, au apelekwe kwenye lile jengo la matofali nyuma ya hospitali, ambako kila mlango una namba na kahawa inatoka kwenye mashine.

Aliyeniletea habari ni Külli, muuguzi anayezunguka nyumba kwa nyumba, Mwestonia mwenye mikono mikubwa na gari dogo. Aligonga mlango wangu Alhamisi, theluji ingali kwenye viatu vyake.

"Mama Tellervo, wewe si ulifanya kazi kiwanda cha simu?"

"Mji huu mzima ulifanya kazi kiwanda cha simu."

"Lakini wewe ulikuwa kwenye betri."

"Sema shida yako, Külli."

"Shida ni jirani yako. Tunampigia saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, tumwone kwenye kioo cha simu kama yuko hai. Siku nyingine simu imezimwa. Wameandika kwamba anasahau."

"Mimi sina jirani," nikamwambia. "Nina mtu anayeishi ng'ambo ya barabara."

Külli akacheka, akapangusa pua. "Basi huyo mtu wa ng'ambo ana kichwa kizuri kuliko changu. Jana kanikumbusha siku ya ndoa yangu. Nilimtajia mara moja tu, mwaka juzi. Mtu kama huyo anasahau chaja?"

"Umeandika hivyo kwenye ripoti?"

"Ripoti haina nafasi ya maneno, mama. Ina visanduku viwili. Amepokea. Hakupokea."

Lazima niseme kwa nini nilidai sina jirani. Tarehe kumi na tisa Oktoba, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tatu, siku ya Jumanne, nilikuwa na karatasi yenye saini za wanawake arobaini na mmoja. Tulikuwa tunalehemu betri katika ukumbi usio na feni ya kutoa moshi, na kila jioni tulirudi nyumbani vichwa vikigonga. Tuliomba feni. Hatukuomba kingine. Oiva alikuwa msimamizi wetu. Aliniomba karatasi kwa adabu, akaisoma akiwa amesimama, kisha akatoa kalamu mfukoni na kunakili majina yote arobaini na moja kwenye daftari lake, akayapeleka ghorofani kwa uongozi. Jumatatu iliyofuata nilihamishiwa kwenye kufunga maboksi. Miaka mitatu ya gundi na makaratasi. Feni zilikuja mwaka tisini na sita, na jarida la kampuni likaandika kwamba uongozi unajali hewa wanayovuta wafanyakazi. Picha ya jarida lile ninayo. Kiwanda kilipofungwa na mji kubaki na maegesho matupu, sikulia, kwa sababu machozi yangu yalikuwa yameisha kwenye maboksi.

Kwa hiyo kwa miaka thelathini na mmoja mimi na Oiva tumesalimiana kwa kidevu, kila mtu upande wake wa barabara. Usiniambie ni muda mrefu. Najua ni muda mrefu, nimeuhesabu.

Sikwenda kwake kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu ya karatasi. Nimeona karatasi nyingi zinazosema mtu ni kitu fulani, na mtu mwenyewe hajaulizwa: mzembe, mkorofi, hafai zamu. Hii ilikuwa na harufu ileile. Hata kama imeandikwa juu ya Oiva Lehtimäki, harufu ni harufu. Nikamwomba Külli anisomee tarehe zile kumi na moja na saa zake, nikaziandika nyuma ya bahasha.

Ijumaa saa nane mchana nikavuka barabara.

Alifungua mlango kabla sijagonga. Alikuwa amevaa fulana ya sufu na suruali yenye mikanda ya mabegani, mwembamba kama kawaida, ndevu zimenyolewa hadi ngozi inang'aa.

"Mama Madai," akasema. Jina hilo nilipewa na wale wa ghorofani.

"Bwana Msimamizi."

"Umekuja kukusanya saini?"

"Nimekuja kuona simu yako."

"Külli ana mdomo."

"Külli ana macho. Nipishe, unapasha joto barabara."

Jiko lake lilikuwa safi kuliko langu, jambo lililoniudhi. Kulikuwa na kahawa mezani, na mkate mtamu wa iliki uliokatwa vipande vinavyolingana kana kwamba vimepimwa kwa rula. Simu sikuiona mezani. Niliiona juu ya tofali la jiko la kuni, pale watu wenye akili wanapokaushia soksi, waya wa chaja umening'inia kutoka kwenye soketi. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto kama mkate uliotoka kuokwa.

"Imefikaje hapa?"

"Nilikuwa ziwani asubuhi, navua. Ikazimika kwenye tundu la kwanza tu la barafu, ilikuwa bado inaonyesha asilimia arobaini. Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nikaileta, nikaiweka ipate joto, na nikaichomeka."

"Vyote kwa wakati mmoja? Imeganda, ukaibandika jikoni na chaja juu yake?"

"Kwani kahawa na sukari huvinywi pamoja?"

Nikaichomoa na kuiweka mezani. Nikamuuliza: mara kumi na moja, ilikuwaje? Aliinua kifuniko cha benchi la mbao lililo kando ya dirisha, lile la kuhifadhia vitu, akatoa daftari la shule lenye miraba. Akalisukuma mbele yangu kama mtu anayeonyesha leseni.

Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa simu ilipofika sifuri, saa ilipofika mia. Tarehe, sifuri, mia. Tarehe, sifuri, mia. Ilianza siku aliyoinunua, miaka mitatu nyuma, mwandiko uleule mdogo ulionyooka. Hakuna mstari uliorukwa. Nikatoa bahasha yangu. Tarehe kumi na nne Januari, hakupokea saa tatu asubuhi. Daftari likasema sifuri saa mbili na dakika arobaini, mia saa tano na robo. Tarehe ishirini na mbili, hakupokea saa kumi jioni. Sifuri saa tisa na nusu. Nikashuka hivyo hadi ya kumi na moja. Zote zilikuwemo.

"Oiva. Uliona inakaribia kuzima, na unajua saa tatu wanapiga. Kwa nini usiichomeke?"

"Haijafika sifuri, haichomekwi."

"Na ikishafika?"

"Haiwashwi mpaka ijae." Akaninyooshea kidole. "Wewe mwenyewe ulikaa kwenye chumba kile, mwaka themanini na nane, safu ya pili. Mliitamka wote. Maliza kabisa, jaza kabisa, katikati usiguse."

Kweli niliitamka. Kila mfanyakazi mpya aliitamka siku ya kwanza, Oiva amesimama mbele na kijiti mkononi.

"Ile ilikuwa nikeli," nikamwambia. "Betri ya nikeli ukiijaza nusunusu iliizoea ile nusu, ikakunyima nyingine. Kwa nikeli ulikuwa sahihi. Hii ni lithiamu. Ilipoingia kiwandani wewe ulikuwa umeshapandishwa cheo kwenda ghalani, na mimi ndiyo kwanza nimerudishwa kutoka kwenye maboksi. Lithiamu haitaki sifuri na haitaki mia. Inapenda kukaa katikati, kama mtu aliyekula akaacha nafasi. Kila ukiishusha hadi chini, inachakaa. Ukiiacha imejaa pomoni juu ya joto, inachakaa zaidi. Na ukiichaji ikiwa imeganda, hapo unaiua kwa mkono wako. Kinachoharibika humo ndani hakirudi."

"Nani kakuambia?"

"Nilisoma."

"Wapi?"

"Mezani kwangu. Na kamusi magotini."

"Mimi," akasema Oiva taratibu, "nilifundishwa na mhandisi."

Sikumrukia. Umri una faida zake. Nilifungua simu, nikaenda kwenye mipangilio, nikamwonyesha mstari unaosema uwezo wa betri: asilimia sabini na moja.

"Hii ilianza na mia. Miaka mitatu tu. Ndiyo maana inakuzimikia ikionyesha arobaini, na baridi inaimalizia. Umezeeka, Oiva, sikufichi, lakini aliyechoka hapa ni betri. Agiza nyingine."

"Nimeshauliza. Wiki mbili."

"Basi Jumanne waonyeshe daftari. Hutahitaji hata kuongea. Daftari linasema kila kitu."

Akalichukua, akalirudisha ndani ya benchi, akashusha kifuniko. Kisha akakaa juu yake.

"Hapana."

"Watakuhamisha."

"Wanihamishe."

"Wewe mtu, umepiga kila msumari wa nyumba hii mwenyewe!"

"Msumari wa kwanza mwezi wa tano mwaka sabini na moja." Alitazama dirishani, kwenye theluji iliyokaa juu ya uzio. "Nimefundisha watu mia tatu na zaidi, Tellervo. Wengi wako hai, wako mjini hapa hapa. Binti yangu Marjut nimemfundisha. Unataka nikae mbele ya Marjut na msichana wa ofisini, niwaonyeshe kwa mwandiko wangu kwamba msimamizi wa betri hajui kuchaji simu?"

"Kwa hiyo afadhali waseme umesahau?"

"Kusahau ni ugonjwa," akasema. "Mgonjwa haulizwi maswali."

Niliondoka bila kumaliza kahawa. Njiani nilitukana, kwa sauti, na mwanamke mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akahama upande. Nyumba nzima, madirisha, sauna, shina la tufaha alilolipanda mkewe, vyote anavitoa ili asikosee! Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwelewa. Mimi pia ningefanya vilevile.

Nilipofika kwangu nikasimama kwenye nguzo ya maegesho, pale ninapochomeka hita ya injini ya gari. Kila mtu mtaani ana kitu kile: kipima muda cha duara, kinachowasha hita saa mbili kabla ya safari, wewe ungali kitandani, ili gari liwake kwenye baridi, kisha kinazima chenyewe. Kina vijino tisini na sita kuzunguka ukingo wake, kila kijino robo saa. Unabonyeza vile unavyotaka viwe na umeme, vingine unaviacha. Hakina akili yoyote. Kinatii tu.

Nikakichomoa, nikavuka barabara tena.

"Sikuja kubishana," nikamwambia mlangoni. "Nimekuja na chombo."

Oiva alikuwa nacho zamani, kabla ya kuacha kuendesha. Alikipokea kwa mikono miwili, akakizungusha, akasikiliza mlio wake.

"Kwa gari?"

"Kwa simu. Simu mpya zina kikomo chao ndani, yako haina. Vijino vinne, saa moja hadi saa mbili asubuhi, unapokunywa kahawa. Vijino vinne tena, saa saba hadi saa nane mchana. Saa nzima kwa chaja yako hiyo inaipandisha asilimia kama arobaini, halafu kinakata. Saa tatu wakipiga, ipo. Saa kumi wakipiga, ipo. Ikae mezani, mbali na jiko. Ikitoka nje imeganda, ipumzike bila waya mpaka ipoe... mpaka ipate joto la chumba, yenyewe. Kama miwani yako ukiingia ndani: unangoja ukungu uondoke, huikaangi."

"Kati ya ngapi na ngapi?"

"Watu wanasema ishirini na themanini. Yako imechoka, usishuke chini ya arobaini."

"'Watu wanasema,'" akarudia. "Hiyo si kanuni, hayo ni maoni."

"Yaandike hivyo hivyo."

Aliandika kwenye karatasi tupu, kwa vipengele, akapiga mstari chini kwa rula. Kisha akanigeuzia karatasi na kunipa kalamu. Nikamtazama.

"Agizo lina mwenyewe," akasema. "Saini."

Nikasaini. Akaiangalia kwa muda. "Saini yako naijua," akasema, akaibandika juu ya soketi.

Asubuhi ya Jumamosi nilimwona akitoka na kijisleji chake cha kukokota kwenye theluji, koleo na ile keekee ndefu ya kutoboa barafu. Alifika katikati ya barabara, akasimama mbele ya dirisha langu, na bila kutabasamu akafungua zipu ya koti, akapigapiga mfuko wa ndani, juu ya moyo, ambako simu ilikuwa ikipata joto. Akafunga zipu, akaenda zake ziwani. Mchana simu yangu ikalia.

"Nimerudi. Imelala mezani saa nzima bila waya. Nichomeke?"

"Ina asilimia ngapi?"

"Hamsini na tatu."

"Sasa unachomeka ya nini?"

Nilisikia saa yake ya ukutani.

"Sijazoea," akasema, akakata.

Jumapili alipokea mara mbili. Jumatatu mara mbili. Külli alinipigia akiwa garini, anacheka: "Leo kaniambia, 'Umechelewa dakika moja, mwanangu. Unasahau?'"

Jumatatu jioni Marjut alifika kwa treni kutoka Kuopio. Nami nilialikwa kwenye kikao kwa kuwa Külli alinitaja kama jirani, na safari hii sikukanusha. Oiva alikubali kwa sharti moja, alilonipa kwa simu: nisifungue mdomo. Daftari halitatajwa. Nikaahidi. Mimi, ambaye nimeongea mbele ya mameneja, wanasheria, na waziri mmoja aliyekuja kutupa pole na kuondoka na keki.

Mratibu wa huduma za wazee alikuwa mwanamke kijana, mpole kweli, siwezi kumsema vibaya. Alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi nene za kufumwa, akafungua kompyuta yake kando ya mkate wa iliki. Tulikuwa watano: yeye, Külli, Marjut, Oiva mbele ya meza, na mimi kwenye benchi la dirishani. Kwenye benchi lile. Chini yangu, umbali wa ubao mmoja, daftari lililala.

"Kwanza samahani kwa kuchelewa," mratibu akasema. "Marjut, nilikupigia mara tatu, nilitaka unielekeze njia. Hupatikani."

"Oh, pole sana." Marjut akatoa simu kwenye mkoba, nyeusi tii. "Inaishaisha. Ilizimika jana kwenye treni, leo asubuhi ikawaka tena na chaji kidogo, nikaiacha iishe vizuri. Nitaichomeka baadaye."

"Na huyu naye anasahau?" Külli akauliza, akiangalia dari.

Mratibu akatabasamu bila kujua atabasamu kiasi gani. Akageukia kioo chake. Alisema siku nne za kupokea ni jambo zuri, anafurahi, ila wao wanaangalia mwenendo. Mwenendo wa wiki nane ulikuwa hivi: kumi na moja. Nyumba ina ngazi, ina jiko la kuni. Kama mtu anasahau simu leo, kesho atasahau mlango wa jiko. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. Kisanduku cha sababu kilikuwa kimeshajazwa: kusahau. Alitaka tu kujua kama familia ina la kuongeza.

"Baba," Marjut akasema, akamshika mkono. "Hakuna aibu. Sema tu."

Oiva alikuwa anatazama simu ya binti yake mezani. Nami nilishika kikombe changu mpaka vidole vikauma. Maneno yalikuwa yamefika kooni, yamepanga foleni. Nilitazama kipima muda ukutani, kikitembea kijino kwa kijino, na chini yake ile karatasi yenye saini yangu.

"Marjut," Oiva akasema mwishowe. "Treni jana ilikaa wapi?"

"Ilisimama karibu saa nzima kabla ya Tampere. Theluji."

"Na simu imezimika."

"Imezimika."

"Kwa nini hukuchomeka? Treni ina soketi."

Marjut akamshangaa. Ana miaka hamsini na miwili, mwalimu, lakini alijibu kama mtoto aliyeulizwa jambo analolijua kwa moyo. "Ilikuwa kwenye kumi na tano, baba. Haijafika sifuri. Wewe si ndiye ulinifundisha? Maliza kabisa, jaza kabisa."

Nilimwona Oiva akishusha pumzi kupitia puani, polepole, kama anavyofanya mtu anayeweka chini mzigo bila kutaka utoe kishindo. Akainuka.

"Inuka, Mama Madai," akaniambia.

Nikainuka. Akafungua benchi, akatoa daftari, akaliweka juu ya kompyuta ya mratibu, juu kabisa ya vitufe, hata kioo kikaandika herufi moja mstari mzima.

"Sikusahau hata siku moja," akasema. "Nilikosea kila siku. Kanuni ilikuwa ya betri za zamani. Mwenye kosa ni mimi, na ushahidi ni huu, nimeuandika mwenyewe." Kisha kwa Marjut, kwa sauti ya chini lakini ileile ya chumba kile cha mafunzo: "Usingoje sifuri. Wala usikeshe nayo kwenye waya mpaka mia. Ikae katikati. Nitakuandikia."

Mratibu akafungua daftari. Akafunga. Akafungua tena, akavuta kompyuta kando, na kidole chake kikaanza kushuka: tarehe kwenye kioo, tarehe kwenye miraba. Nilikijua kidole kile, kilikuwa changu siku ya Ijumaa. Alipofika ya kumi na moja akarudi juu na kusoma mistari ambayo haikuhusiana na simu zao, ile ya mwaka jana, ya mwaka juzi.

"Umeandika kila siku?"

"Kila ilipofika sifuri."

"Mimi siwezi," akasema, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtu wa kawaida. Akarudi kwenye fomu. "Tatizo ni kwamba hakuna kisanduku cha kukosea."

"Kipo cha 'sababu nyingine,'" Külli akasema. "Chini kabisa. Hakuna anayekitumia."

Mratibu akashuka chini kabisa. Akafuta neno moja, akaandika mengine, akatusomea: mteja alifuata kwa uangalifu utaratibu wa kuchaji uliopitwa na wakati, utaratibu umebadilishwa, kumbukumbu za mteja zimeambatishwa. Abaki nyumbani, waangalie tena mwezi wa tano. Akaomba ruhusa ya kupiga picha kurasa. Oiva akamnyooshea daftari vizuri, mwanga usilete kivuli.

Wengine walipotoka, Marjut akamsindikiza mratibu hadi kwenye gari. Külli akabeba kipande cha mkate mfukoni kama kawaida yake. Nilibaki nikivaa koti.

"Mwaka tisini na tatu," Oiva akasema nyuma yangu.

Mkono wangu ukasimama kwenye kifungo. Miaka thelathini na mmoja nimengoja sentensi inayoanza hivyo.

"Majina niliyaandika kwa mpangilio wa karatasi. La kwako lilikuwa la kwanza kwa sababu ulisaini wa kwanza."

"Najua nilisaini wa kwanza."

"Haya," akasema. "Hivyo tu."

Nimeyageuza maneno yale kila upande tangu siku hiyo, na hayo si kuomba radhi. Hayafiki. Kama ana mengine, anajua ninakoishi.

Betri mpya ilikuja mwezi wa tatu, na mwezi wa tano walikuja, wakatazama, wakaenda, naye bado yuko. Kila asubuhi, saa mbili na dakika moja, kijino cha mwisho kikishapita, simu yangu inalia. Hasalimii.

"Sabini na tisa," anasema, na kukata kabla sijajibu.

Baridi ikirudi nitalazimika kutoka nje gizani kuchomeka hita ya gari kwa mkono, saa mbili kabla ya safari, kwa sababu kipima muda changu kiko kwake ukutani. Sijakidai.